Mkate Uliokwama

Wiki hii nimeona tuzungumze juu ya tosta, kile kisanduku cha kubanikia mkate. Nina sababu. Mwezi uliopita mpwa wangu aliniita kutoka jikoni: "Mjomba, mkate umekwama!" Kabla sijainuka alikwisha tumbukiza uma. Nikasikia kishindo. Umeme ulimrusha hadi ukutani, vidole viwili vikaungua. Alipona, lakini alibaki akiapa: "Swichi ya ukutani nilizima, mjomba!" Nami nilimwona mwongo.

Ukichungulia ndani ya tosta utaona waya mwembamba umezungushwa kwenye vibao vya ulanga, yale madini ya kumetameta yaliyochimbwa hata katika milima yetu ya Uluguru enzi za Wajerumani. Ulanga haupitishi umeme wala hauungui. Waya nao ni mchanganyiko wa nikeli na kromu, kazi ya Mmarekani Albert Marsh, aliyepewa hataza mwaka 1906. Waya wa chuma ukipashwa moto mpaka uwe mwekundu huliwa na hewa, ukakatika upesi. Huu wa Marsh hujifunika utando mwembamba unaoukinga. Lakini, wasikilizaji, hauna ganda la mpira. Uko uchi, na uma ukiugusa, umeme unapanda mkononi.

Kampuni ya General Electric ilitoa tosta yake mwaka 1909. Ilibanika upande mmoja tu. Unaugeuza mkate mwenyewe, na ukizubaa unakula makaa. Charles Strite, fundi wa kiwanda huko Stillwater, Minnesota, alichoshwa na mikate iliyoungua kantini. Akaweka saa ya kukata umeme na springi za kurusha mkate juu. Hataza yake ilitoka 1921, na tosta ya namna hiyo ya nyumbani ikaanza kuuzwa 1926.

Mkate wenyewe, hata hivyo, ulikuwa bado unakatwa kwa kisu, kipande kinene, kingine chembamba. Mashine ya Otto Rohwedder ya kukata slesi zinazolingana ilianza kazi katika mji wa Chillicothe, Missouri, Julai 1928. Tundu la tosta limezoea slesi kama hizo. Sisi nyumbani tulilisukumia boflo tulilokata wenyewe, nene kama tofali. Springi ikashindwa.

Na ile swichi? Nilimwita fundi. Akakuta aliyetandaza nyaya za nyumba aligeuza: swichi ilikata waya wa nyutro, ule wenye umeme ukabaki hai hadi ndani ya tosta. Kijana alisema kweli, nikamwomba radhi.

Wapo wanaoiogopa tosta kwa sababu ya luku. Ya wati 800 ikiwaka dakika 3 inakula 0.04 ya uniti. Si hiyo ya kuogopa.

Mkate ukikwama, chomoa plagi yenyewe, usitegemee swichi. Ngoja ipoe, igeuze kichwa chini, itikise taratibu. Ikikataa, tumia kijiti kikavu, nao waya usiuchokonoe, maana ukikatika tosta imekwisha. Makombo ya chini yamwage kila wiki, yanashika moto.

Mpwa wangu hadi leo anakula boflo lake baridi, na chai.