Funza Akizoea Sumu, Gharama Humrudia Mkulima wa Pamba

Mbegu ya pamba ya Bt huuzwa kwa ahadi moja kubwa: mmea wenyewe hutengeneza sumu ya kuua funza, hivyo mkulima hupunguza gharama za kupulizia dawa. Swali la kibiashara ni ahadi hiyo itadumu misimu mingapi.

Jibu lilitafutwa maabara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walichukua funza wa waridi, mharibifu mkubwa wa vitumba vya pamba, kutoka mashamba ya jimbo hilo mwaka 1997 na kuwalisha chakula chenye sumu hiyo. Wengi walikufa. Wachache waliopona waliachwa wazaane, na uzao wao ukalishwa sumu vivyo hivyo. Baada ya vizazi vichache wakapatikana funza sugu, walioweza kukua ndani ya pamba ya Bt.

Hata hivyo, ilibainika pia kuwa funza sugu akizaa na wa kawaida, watoto hufa kwenye pamba hiyo. Usugu kamili huhitaji kurithiwa kwa wazazi wote wawili. Kwa hiyo mkulima anayetenga eneo la pamba ya kawaida huwafuga funza dhaifu wa kuzaa na wale sugu, na kuirefushia mbegu yake maisha.

Arizona, iliyoanza kutumia mbegu hiyo mwaka 1996, ilitenga maeneo hayo. Kuanzia 2006 iliongeza njia ya kuachia nondo tasa. Oktoba 2018 Marekani ilitangaza kuwa imemtokomeza funza huyo katika maeneo yake ya pamba.

India ilianza mwaka 2002. Kanuni zilitaka pamba ya kawaida ipandwe kando, lakini wakulima wengi hawakufanya hivyo. Funza sugu waligunduliwa Gujarat mwaka 2008. Baadaye hata mbegu yenye sumu mbili ilishindwa kumzuia, na wakulima wakarudia kununua dawa juu ya gharama ya mbegu.

Kenya iliidhinisha kilimo cha pamba ya Bt Desemba 2019. Mfanyabiashara anayekopesha pembejeo au kuweka fedha katika kinu cha kuchambua pamba anashauriwa kuuliza, kabla ya kutia saini, kama wakulima wake wanatenga eneo la pamba ya kawaida. Wasipofanya hivyo, hesabu ya faida iwekewe fungu la dawa tangu mwanzo.