Tulikwenda Msituni Tumenuniana

Wewe na mwenzio mkigombana huwa mnakimbilia wapi? Sisi tulikimbilia msituni, tena mbali: wilaya ya Toledo, kusini mwa Belize, nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Nauli tulishalipa kabla ugomvi haujaanza, kwa hiyo ilikuwa ama twende ama pesa ipotee.

Ugomvi wenyewe? Kiwanja cha Kigamboni. Tulichanga nusu kwa nusu, halafu nikakuta hati ina jina lake peke yake. "Si ni chetu wote?" akasema. Basi, tukawa tunalala mzungu wa nne.

Kutoka Belize City tulipanda kindege hadi Punta Gorda, kisha basi la vumbi mpaka kijiji cha Waq'eqchi', moja ya jamii za Wamaya. Malazi yalikuwa kibanda cha mbao kilichoezekwa majani kama makuti, chandarua na taa ya chemli. Umeme hakuna, simu haishiki. Alfajiri nikasikia muungurumo, nikamrukia mume wangu nikidhani ni simba. Kumbe kima! Simba huko hawapo kabisa. Tukacheka, mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Mama mwenyeji alinifundisha kupika tortila. Mahindi yanachemshwa na chokaa mpaka maganda yaachie, yanasagwa, kisha donge linapigwapigwa kwa viganja na kuokwa juu ya bamba la moto. Zangu zilitoka kama ramani. Mume wangu naye, mtoto wa Kyela, alipoona mikakao akajiona yuko nyumbani. Tofauti ni kwamba kwao kakao ni zao la kuuza tu. Hapa inakaangwa, inasagwa juu ya jiwe na kunywewa. Mababu wa Wamaya waliitumia hata kama fedha.

Jioni, vikombe mkononi, baba mwenyeji akatuuliza kwa Kiingereza, "Kwenu, ardhi ni ya nani?"

Kimya. Mimi nikamwangalia mume wangu, yeye akaangalia kikombe.

Mzee wa watu hakujua kagusa kidonda. Akaeleza kwamba ardhi yao ni ya kijiji kizima, kila familia inalima sehemu yake, na msimu wa kupanda wanasaidiana, leo kwako, kesho kwangu. Ila serikali haikuitambua mila hiyo. Wamaya wa Toledo wakaenda mahakamani, na Aprili 2015 Mahakama ya Haki ya Karibi ikathibitisha haki yao.

"Sisi wenyewe tuliaminiana kwa maneno," akasema. "Aliyetoka nje ndiye aliyetaka karatasi."

Usiku ule mume wangu hakulala. Mwishowe akasema, "Nikifa leo, ndugu zangu watakuja na hati mkononi, si na maneno yangu. Tukirudi tunaandika majina mawili."

Ukitaka kwenda, chagua Februari hadi Mei, mvua zinapopungua. Beba tochi, viatu vya kufunika mguu na dawa ya mbu, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Ukikaribishwa chakula, sema "b'antiox", yaani asante.

Sisi hati yetu sasa ina majina mawili. Yenu je, inasomekaje?