Nguvu za Kiwiliwili na Msawazo: Mazoezi ya Nyumbani ya Kuwakinga Wazee na Kuanguka

Mara nyingi mzee haanguki akiwa katika kazi nzito. Huanguka anapoamka usiku kwenda msalani, anapogeuka ghafla kuitikia mwito, au anapoinama kutafuta kandambili chini ya kitanda. Tukio lenyewe huchukua sekunde chache tu, lakini likivunja shingo ya mfupa wa paja, mtu aliyekuwa akijipikia na kwenda sokoni mwenyewe anaweza asiirudie tena hali hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kutokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wenye umri wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaofariki kwa wingi.

Hata mtu asiyevunjika huweza kubaki na hofu. Kwa hofu hiyo hupunguza kutembea, misuli hudhoofika, na udhaifu huo humsogeza karibu na anguko la pili. Mazoezi ya nguvu na msawazo hulenga kuukata mzunguko huo.

Jinsi mwili unavyojisimamisha

Kusimama wima ni kazi isiyokoma. Ubongo hupokea taarifa kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na neva za miguuni zinazoeleza jinsi unyayo ulivyokanyaga na kiungo kilivyokunjwa. Baada ya kuzilinganisha taarifa hizo, ubongo huamuru misuli irekebishe mkao. Mtoto wa jicho hupunguza taarifa za macho; ganzi ya miguu inayotokana na kisukari hupunguza zile za nyayo. Gizani, mwenye ganzi hubaki na njia moja tu ya kuaminika.

Amri za ubongo hutekelezwa na misuli ya miguu pamoja na ile ya kiwiliwili, yaani misuli ya tumbo, ya mgongo, ya sakafu ya nyonga, na kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Misuli hiyo huushika uti wa mgongo kama kamba zinavyoushika mlingoti. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 nchini Australia ulionyesha kuwa msuli wa ndani kabisa wa tumbo huanza kukaza kabla mkono haujainuliwa, na kwamba kwa watu wenye maumivu ya mgongo ukazaji huo huchelewa. Kwa hiyo, nguvu za kiwiliwili hazipimwi kwa tumbo lililojichora misuli. Hupimwa kwa uwezo wa mwili kujiandaa kabla ya mwendo.

Ushahidi wa mazoezi ya nyumbani

Katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Otago nchini New Zealand kilibuni programu ya mazoezi ya nguvu na msawazo inayofanyika nyumbani mara tatu kwa wiki, takribani dakika 30 kila mara, pamoja na kutembea. Majaribio manne ya programu hiyo, yaliyohusisha watu 1,016 wenye umri wa miaka 65 hadi 97, yalipojumlishwa yalionyesha kuwa maanguko yalipungua kwa asilimia 35. Baadhi ya majaribio hayo yaliendeshwa na wauguzi waliofunzwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 nayo yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza maanguko ya wazee wanaoishi katika jamii kwa takribani asilimia 23. Kutembea kuna faida nyingi kwa moyo, lakini kutembea pekee hakuchukui nafasi ya mazoezi ya msawazo.

Mazoezi ya msingi

Kinachohitajika ni kiti imara kilichoegemezwa ukutani, meza nzito na mkeka.

1. Kuinuka kitini. Mhusika aketi, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu, kisha ainuke na kuketi polepole mara tano hadi kumi. Anayehitaji ajisaidie kwa mikono. Kadiri nguvu zinavyoongezeka, aipunguze mikono.

2. Kuinua visigino. Akiwa ameshika meza, asimame kwa vidole vya miguu, ashuke taratibu, arudie mara kumi.

3. Ngazi nne za msawazo. Kwanza asimame miguu ikiwa pamoja. Pili, mguu mmoja usogezwe mbele kidogo. Tatu, kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mwingine. Nne, asimame kwa mguu mmoja. Kila ngazi idumu sekunde 10, meza ikiwa karibu. Asipande ngazi mpya kabla ya kuimudu iliyotangulia.

4. Daraja. Alale chali mkekani, magoti yakiwa yamekunjwa, ainue nyonga kwa sekunde tano, kisha ashushe. Arudie mara tano hadi kumi huku akiendelea kupumua, kwa kuwa kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu. Asiyeweza kuinuka kutoka chini afanye zoezi hili kitandani.

Zoezi la msawazo lisilotikisa mwili hata kidogo halifundishi kitu. Linalomfanya mtu ayumbe bila mahali pa kushika ni la hatari. Kipimo sahihi kipo kati ya hayo mawili. Mazoezi yafanyike angalau siku tatu kwa wiki na yasiachwe, kwani faida hupungua mtu anapoacha.

Tahadhari

Aliyevunjika mfupa au kufanyiwa upasuaji karibuni, aliyepata kiharusi, au anayepatwa na kizunguzungu amwone mhudumu wa afya kabla ya kuanza. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida au hali ya kutaka kuzimia ni dalili za kuacha mara moja na kutafuta matibabu. Mazoezi yafanyike kwa viatu visivyoteleza au miguu mitupu, si kwa soksi wala kandambili zilizolika.

Kwa wahudumu wa afya

Maswali matatu yanatosha kuanzia: je, mgonjwa ameanguka katika miezi 12 iliyopita? Je, huhisi kuyumba anaposimama au kutembea? Je, anaogopa kuanguka? Akijibu ndiyo kwa swali lolote, apimwe. Ainuke kitini, atembee mita tatu kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari. Kushindwa kusimama kisigino kwa vidole kwa sekunde 10 ni dalili nyingine.

Mazoezi yaende pamoja na kukagua macho, miguu na dawa, hasa dawa za usingizi na zile zinazoshusha shinikizo la damu mgonjwa anaposimama. Familia ishauriwe kuondoa mikeka iliyokunjamana njiani, kukausha sakafu ya bafu, kufunga kishikio imara karibu na choo, na kumwekea mzee tochi karibu na kitanda. Mgonjwa asiondoke kliniki na maelezo ya mdomo peke yake: aonyeshwe kila zoezi, alifanye mbele ya mhudumu, na apangiwe siku ya kurudi ili ngazi iongezwe.