Kadiri ya Maswali katika Fomu ya Kujiandikisha kwa Waraka wa Barua Pepe

Siku hizi vyuo, magazeti, vyama vya kitaaluma na hata maduka hupeleka habari zao kwa barua pepe. Msomaji anayetaka kupokea waraka wa namna hiyo hukuta kwenye tovuti fomu ya kujiandikisha. Fomu nyingine huuliza jambo moja tu, nyingine huuliza mambo kumi. Madhumuni ya makala haya ni kueleza ni habari kiasi gani zinazostahili kuulizwa katika fomu hiyo, na kuonyesha kwamba, kwa waraka unaoandikwa kwa Kiswahili, jibu halitokani na ufundi wa mitambo na sheria peke yake, bali hutokana pia na sarufi na adabu ya lugha yenyewe.

Yafaa kuanza na mahitaji ya barua pepe. Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani, Ray Tomlinson, alipeleka barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao wa ARPANET, naye akachagua alama @ itenge jina la mtumiaji na jina la kompyuta. Muundo huo ndio unaotumika hata leo, na mtambo hauhitaji zaidi ya hayo ili ufikishe barua. Katika jambo hili barua pepe imeachana na barua ya posta. Katika Afrika ya Mashariki sanduku moja la posta aghalabu hutumiwa na shule nzima, au na wafanyakazi wote wa ofisi moja. Kwa hiyo jina lisipoandikwa juu ya bahasha, barua haijulikani ni ya nani. Anwani ya barua pepe kwa kawaida ina mwenyewe mmoja. Basi kila swali linalozidi anwani haliulizwi kwa ajili ya kufikisha barua, bali kwa ajili ya haja nyingine ya mpelekaji, na haja hiyo yapasa ielezwe.

Mtaalamu wa fomu wa Uingereza, Caroline Jarrett, amefundisha utaratibu mwepesi wa kupima haja hizo. Kwa kila swali, watayarishaji wa fomu waandike ni nani katika ofisi atakayelitumia jibu, atalitumia kwa kazi gani, kama jibu ni la lazima au la hiari, na kama ni la lazima, litatokea nini mtu akiandika lolote ili mradi apite. Chukuliwe mfano wa chuo kinachotoa kila mwezi waraka wa vitabu vipya vya Kiswahili, na ambacho fomu yake inauliza anwani ya barua pepe, jinsia, jina la kwanza, jina la ukoo, cheo, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya simu. Maswali haya yafaa kupimwa moja moja.

Swali la jinsia limeingia katika fomu nyingi kutoka katika lugha ambazo zina haja nalo. Katika Kifaransa barua haiwezi kuanza vema kabla mwandishi hajajua kama ampelekeaye ni mwanamume au mwanamke: wa kwanza ataandikiwa Cher, na wa pili Chère. Mjerumani huchagua baina ya Sehr geehrter Herr na Sehr geehrte Frau, na Mwarabu baina ya azizi na azizati. Kwa lugha hizo swali lina kazi ya kisarufi. Kiswahili hakina haja hiyo. Nomino za ngeli ya M-WA hazibagui mume na mke. Msomaji ni msomaji, na kiambishi a- katika “anasoma” humfaa kila mtu, kama kiambishi u- katika “unasoma” kinavyomfaa kila anayeambiwa. Waraka wa kurasa nyingi waweza kuandikwa kwa Kiswahili na kupelekwa kwa wanaume na wanawake bila ya silabi moja kubadilishwa. Fomu ya Kiswahili inayouliza jinsia kwa ajili ya maamkizi imetafsiri haja ya lugha nyingine pamoja na maneno yake.

Swali la jina lina ugumu mwingine. Fomu huuliza “jina la kwanza” na “jina la ukoo”, kana kwamba kila mtu ana majina ya namna hizo mbili. Achukuliwe mwanamke wa pwani aitwaye Salma Hamadi Omari. Salma ni jina lake, Hamadi ni la baba yake, na Omari ni la babu yake. Kaka yake ni Bakari Hamadi Omari. Lakini mtoto wa kaka huyo ataitwa Idi Bakari Hamadi, na jina la Omari halipo tena. Shangazi na mpwa wake ni wa ukoo mmoja, walakini mtambo utawaandika kuwa watu wa koo mbili, kwa kuwa umelidhania jina la mwisho kuwa jina la ukoo. Zaidi ya hayo, kwa desturi ya wengi wa pwani, Salma akiolewa hachukui jina la mumewe. Shirika la W3C, linaloweka kanuni za wavuti, limetoa mwongozo juu ya majina ya watu duniani, na ndani yake watayarishaji wanashauriwa wajiulize kwanza kama wana haja yoyote ya kuligawa jina. Pasipo haja, nafasi moja ya jina zima yatosha; na ikiwa jina linatakiwa kwa maamkizi tu, mtu aulizwe apendavyo kuitwa.

Lakini hata swali la jinsi mtu apendavyo kuitwa halimalizi shida katika Kiswahili, na hapa ndipo palipo kiini cha jambo. Salma wa mfano huu huenda ana miaka 60. Majirani humwita Mama Juma kwa jina la mtoto wake wa kwanza; wanafunzi wake wa zamani humwita Mwalimu; wadogo zake humwita Dada, na wajukuu humwita Bibi. Mtambo wa barua, ukiisha kupata “jina la kwanza”, utamwandikia “Habari Salma”, maneno ambayo kijana asiyemjua hangethubutu kuyasema mbele yake. Watayarishaji wengine wamejaribu kuponya kasoro hiyo kwa kuongeza nafasi ya cheo, yenye Bw., Bi., Dkt. na Prof. Orodha hiyo haina Mzee, wala Sheikh, wala Mwalimu, wala Maalim. Na hata ingerefushwa namna gani isingetosha. Neno la heshima katika Kiswahili si sifa ya mtu peke yake, kama tarehe yake ya kuzaliwa ilivyo. Ni uhusiano baina ya asemaye na asemeshwaye, na hubadilika kila asemaye anapobadilika. Fomu yaweza kukusanya sifa za mtu. Haiwezi kukusanya uhusiano ambao haujakuwapo.

Barua za zamani za pwani, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na ambazo C. G. Büttner alizichapisha baadhi yake mwaka 1892, zinaeleza jambo hili vizuri. Kabla ya kuingia katika maneno yenyewe, mwandishi hutanguliza maamkizi marefu, humtaja mpelekewa kwa jina lake na la baba yake, na humpamba kwa sifa za heshima. Heshima hiyo ilitokana na kujuana. Mwandishi hakuipata kwa kumtaka mwenziwe ajaze karatasi. Waraka wa habari hupelekwa kwa watu mia au elfu ambao mwandishi hawajui. Kwa hiyo maamkizi yaliyo ya kweli ni yale yanayokiri hali hiyo: “Ndugu msomaji”, au “Wapenzi wasomaji”. Neno “ndugu” lafaa zaidi, maana hutumika kwa mume na mke, lina heshima, na lilienea sana katika maandishi ya serikali na ya chama huko Tanzania katika miaka ya ujamaa. Maamkizi hayo hayahitaji jina, na kwa hiyo fomu haina budi kuliacha jina liwe la hiari.

Yamebaki maswali mawili. Tarehe ya kuzaliwa haina kazi katika waraka wa vitabu. Ikifanywa kuwa ya lazima, asiyeijua, au asiyetaka kuitoa, mara nyingi huchagua tarehe 1 Januari ya mwaka wowote, na ofisi hupata hesabu ya umri ambayo haina maana. Nambari ya simu ina uzito mkubwa zaidi, na uzito huo ni wa Afrika ya Mashariki hasa. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na huduma za namna hiyo zilipoenea katika nchi jirani, nambari ya simu imekuwa mkoba wa fedha. Laini husajiliwa kwa kitambulisho, na mtu akituma fedha huonyeshwa jina la mwenye nambari. Kwa hiyo anayetoa nambari yake ametoa pia jina lake, na amemfungulia mgeni mlango ambao walaghai wameujua siku nyingi. Hilo ni deni kubwa kwa waraka wa vitabu.

Habari za watu kuulizwa bila ya wao kujua mwisho wake si jambo geni katika nchi hizi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waafrika wanaume wa Kenya walilazimishwa kuchukua kipande, hati iliyokuwa na jina, kabila, alama za vidole, na habari za mwajiri na mshahara. Aliyejibu maswali hayo hakuwa na uwezo wa kukataa, na majibu yake yalitumiwa kumzuia asiache kazi. Fomu ya waraka si kipande, maana hakuna anayelazimishwa kujiunga. Lakini swali la lazima lisilo na sababu hutumia sauti ile ile. Sheria za sasa zimeliona jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inamlinda mtu asitakiwe bila ya haja kutoa habari za jamaa yake au za mambo yake ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka data zisizidi zile zinazohitajiwa kwa madhumuni yaliyotajwa, kama ilivyo pia katika kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo humtaka mkusanyaji awe na madhumuni halali na amjulishe mwenye taarifa madhumuni hayo.

Huenda mtu akasema kwamba maswali mengi ni kwa faida ya msomaji mwenyewe: ofisi ikijua kazi yake na nchi yake, itampelekea yale tu yanayomfaa. Hoja hii ina ukweli, na haifai kupuuzwa. Chuo kinachotoa waraka mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza kina haki ya kuuliza lugha, kwa kuwa jibu litatumika siku ile ile. Lakini chuo kinachopeleka waraka mmoja kwa watu wote hakiwezi kudai kwamba kinauliza kazi ya mtu ili kimchagulie. Wengine husema kwamba wafadhili hutaka hesabu ya wanaume na wanawake. Haja hiyo ni ya kweli pia. Ila hutimizwa vema zaidi kwa dodoso la hiari, lisilo na majina, linalopelekwa mara moja kwa mwaka kwa wasomaji waliokwisha kuuzoea waraka. Kuuliza si ujinga, lakini kila swali lina wakati wake, na mlangoni si pahali pa maswali yote.

Ikumbukwe pia kwamba swali la ziada huweza kuharibu hata yale yaliyo ya lazima. Kampuni ya safari ya Expedia ilikuwa na nafasi ya hiari katika fomu yake ya malipo, iliyouliza “kampuni”. Kwa maelezo yaliyochapishwa mwaka 2010, wateja wengine walidhani kwamba wanaulizwa jina la benki yao. Wakaliandika, kisha wakaandika na anwani ya benki badala ya ya kwao, na malipo yakakataliwa. Nafasi hiyo ilipoondolewa, faida iliongezeka kwa dola milioni 12 kwa mwaka. Neno moja, lililowekwa mahali ambapo halikuhitajiwa, lilifasiriwa kwa jirani zake, kama maneno yote yafasiriwavyo.

Mwisho, lugha ya fomu ipatane na udogo wa jambo linaloombwa. Maneno kama “mwombaji”, “taarifa binafsi za lazima” na “wasilisha” ni ya baraza na mahakama. Anayewasilisha ana kesi au maombi mbele ya mkubwa. Anayetaka waraka wa vitabu haombi ruhusa. Fomu ya mfano huu yaweza kuwa na mistari mitatu tu. Wa kwanza: “Andika anwani yako ya barua pepe.” Wa pili: “Ukipenda, andika jina lako kama upendavyo kuitwa, si lazima.” Wa tatu ueleze ahadi: “Utapata barua moja kila mwezi juu ya vitabu vipya. Anwani yako haitapewa mtu mwingine, na waweza kujiondoa wakati wowote.” Kitufe kiandikwe “Jiunge”. Kisha barua fupi ipelekwe kwa anwani iliyoandikwa, imtake mwenyewe athibitishe kwamba ndiye aliyejiandikisha. Uthibitisho huo hukiambia chuo mambo mawili ambayo hakuna swali la fomu linaloweza kuyaonyesha kwa hakika: kwamba anwani ni ya kweli, na kwamba mwenyewe anautaka waraka.