Tarumbeta la Askofu wa Masasi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Trevor Huddleston mwaka 1960, akikabidhiwa dayosisi ya Kianglikana ya Masasi, ambayo wakati huo ilianzia huku bondeni na kupanda mlima hadi Newala. Kwetu huyu ni askofu, basi. Johannesburg jina lake lilikuwa limeshabebwa na bendi ya jazz.

Chimbuko lake ni shule ya St Peter's, Rosettenville, ambako Huddleston alikuwa padri. Hugh Masekela, mwanafunzi mtundu wa miaka 14, alitazama filamu ya mpiga tarumbeta, kisha akamwahidi padri kwamba akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padri akamnunulia, akamtafutia na mwalimu kutoka bendi ya manispaa. Wenzake kuona hivyo nao wakadai vyombo vyao. Jonas Gwangwa akaishia na tromboni. Huddleston Jazz Band ikawa imezaliwa.

Haikudumu. Wakuu wa shirika lake walimrudisha padri Uingereza mapema 1956, na mwaka huohuo shule ikafungwa, maana kanisa lilikataa kuikabidhi kwa serikali ya makaburu chini ya sheria ya elimu ya 1953. Hata hivyo, akiwa Marekani Huddleston alimsimulia Louis Armstrong habari za vijana wake. Armstrong akatoa tarumbeta lake mwenyewe, likasafirishwa hadi kwa Masekela. Sijui cheti gani cha chuo kingemtia kijana yule moyo kiasi hicho.

Mwaka 1959 Masekela na Gwangwa waliungana na Kippie Moeketsi na Dollar Brand, ndiye Abdullah Ibrahim wa baadaye, wakaunda Jazz Epistles. Walitoa santuri moja tu. Machi 21, 1960 polisi waliua watu 69 Sharpeville. Mikusanyiko ikapigwa marufuku, na bendi isiyoruhusiwa kukusanya watu itampigia nani? Masekela alikwenda kusoma muziki London kwa msaada wa Huddleston, mwaka uleule padri alipokuja kwetu, kisha akavuka hadi New York. Mwaka 1968 wimbo wake "Grazing in the Grass" ulishika namba moja Marekani. Mwaka huohuo Huddleston aliondoka Masasi, kiti akakiacha kwa askofu Mtanzania.

Gwangwa alifuata njia nyingine, ya kuongoza Amandla, kundi la sanaa la ANC uhamishoni. Tutaanza naye wiki ijayo.

Itaendelea