Rupia za Karatasi za Vita na Hukumu ya Deni

Ndugu msomaji, katika toleo hili tuangalie tukio lililopita katika ardhi yetu wenyewe, kwani lina mas-ala ya fiqhi yanayotuhusu mpaka leo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Gavana Heinrich Schnee aliihamishia serikali ya Wajerumani Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Waingereza wakaifunga bahari, na sarafu kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Basi kuanzia 1915 Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ikachapa humu humu nchini noti za muda za rupia 1, 5, 10, 20, 50 na 200. Morogoro ilitekwa Agosti 1916. Mwaka huo huo Tabora zilipigwa senti za shaba, na pia sarafu za dhahabu za rupia 15, takriban 16,000. Mwaka 1917 noti zikawa zinagongwa kwa mihuri ya mpira porini. Watawala walipoondoka, karatasi zikabaki mikononi mwa watu.

Sasa tuchukue mfano. Mtu wa Morogoro aliuza mchele kwa mkopo wa rupia 10 mwaka 1915, kisha noti zikafa. Je, alipwe nini?

Kwanza itazamwe waliyokubaliana. Ikiwa walitaja rupia za fedha, basi deni ni fedha, na karatasi hailazimiki. Ikiwa walitaja noti, wanachuoni wamekhitalifiana. Kwa Imamu Shafii, hata mtawala akiifuta sarafu, anayedai ana haki ya mfano wake tu. Abu Hanifa anaona mauzo yanabatilika. Bidhaa irudishwe kama ipo, au thamani yake. Abu Yusuf anasema ilipwe thamani ya sarafu siku ya mkataba, na Muhammad bin al-Hasan anasema thamani ya siku ya mwisho ilipokuwa ikitumika. Kauli hizi mbili za mwisho zinamwondolea muuzaji dhara ya kuondoka na karatasi tupu.

Je, aliyerithi noti hizo ana zaka? Hana, kwa kuwa zimeshapoteza uthamani. Zimekuwa bidhaa, na zaka huingia akizifanyia biashara. Ama sarafu ya Tabora, dhahabu yake haikufa pamoja na serikali. Kila moja ina takriban gramu 5.4 za dhahabu safi, hivyo sarafu 16 zinatimiza nisabu ya gramu 85. Na akiiuza kwa shilingi, ni lazima iwe mkono kwa mkono.

Mwaka 1986 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilikata kuwa noti ni pesa kamili, zina zaka na zinaingiwa na riba. Kwa hiyo tusizidharau. Na tulishike agizo la aya ya 282 ya Suratul Baqarah: deni liandikwe, na itajwe ni pesa gani, ili wasije wakadhulumiwa mayatima wetu.

Wallahu a'alam.