Kabla ya kutupa kompyuta ya zamani ya kanisa

Katika ofisi nyingi za makanisa yetu, kuanzia Baraka na Nundu mpaka Fizi, Lulimba na Minembwe, kuna kompyuta, au ordinatere kama wengi wetu tunavyoiita, ambayo haiwaki tena. Imewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa, na kando yake kuna boksi la disketi. Kila siku ya usafi mtu huuliza: tuitupe? Tunaomba jibu liwe: bado. Hapa tunaeleza kwa nini, na kazi gani ifanyike kwanza.

Kilicho ndani yake

Eneo letu linajua maana ya kupoteza karatasi. Vita vya 1996 na vya 1998 viliwavusha ndugu zetu wengi ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Mwaka 2005 HCR ilipoanza kuwarudisha kwa meli mpaka Baraka, wengi walikuta nyumba na ofisi zimebaki kuta tu. Makanisa yalianza kuandika upya: nani alibatizwa, nani alifunga ndoa, uwanja wa kanisa ulipatikana kwa nani na mipaka yake ni ipi. Katika miaka hiyo kompyuta zilizokwisha kutumika zilifika ofisini, nyingine zawadi za marafiki wa ng'ambo, nyingine zimeachwa na mashirika yaliyofunga kazi. Kwa hiyo huenda kuna majina ambayo hayako katika daftari lolote leo, ila ndani ya mashine ile tu.

Majina hayo yana kazi hata nje ya kanisa. Sheria inataka mtoto aandikishwe serikalini ndani ya siku 90. Wengi waliozaliwa njiani au kambini hawakuandikishwa, na sasa wanatafuta hati zao mahakamani. Karatasi ya ubatizo haichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa, lakini inaweza kumsaidia mtu kuonyesha wazazi wake ni nani na yeye ana umri gani. Mjane anayedai haki yake naye atauliza kama ndoa yake imeandikwa mahali fulani.

Kitabu kinahitaji msomaji

Katika 2 Wafalme 22, kitabu cha torati kilipatikana wakati hekalu linakarabatiwa. Lakini kupatikana peke yake hakukutosha. Ilibidi Shafani mwandishi akisome mbele ya mfalme. Kompyuta ni vivyo hivyo: maandishi yako ndani, lakini bila mashine na programu inayoyaelewa, ni kitabu bila msomaji.

Uingereza ililipata somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1086 mfalme wao aliandikisha sehemu kubwa ya ardhi katika kitabu kinachoitwa Domesday, na kinasomeka mpaka leo. Baada ya miaka 900, mwaka 1986, shirika la BBC lilitengeneza kitabu kipya cha nchi, safari hii kwa kompyuta. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki, na kazi yao iliwekwa katika diski kubwa za pekee. Haikupita hata miaka 20, mashine za kusomea diski hizo zilikuwa zimebaki chache, na wataalamu waliogopa kwamba kazi yote itapotea. Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha programu inayoifanya kompyuta mpya iige ile ya zamani, na diski zikasomeka tena. Ngozi ya mnyama ilidumu miaka 900. Diski karibu ipotee kabla mtoto aliyezaliwa mwaka ule hajamaliza shule.

Iliyokufa mara nyingi haijafa

Kabla ya kuwasha mashine iliyolala miaka mingi, ifungueni bila umeme, mwondoe vumbi kwa brashi laini, mwangalie kama kuna kutu au viota vya wadudu. Kama ilitoka Marekani, tazameni swichi ndogo nyekundu iliyo nyuma yake: ikiwa kwenye 115 na umeme wetu ni 220, itaungua mara moja. Umeme wa jenereta hupanda na kushuka. Afadhali ule wa sola unaopita katika bateri. Msifungue sanduku la umeme lililo ndani ya mashine, wala televisheni ya kizamani ya kompyuta, kwa maana hubaki na umeme wa hatari hata zikichomolewa. Hiyo ni kazi ya fundi aliyejifunza.

Kosa linalotupisha mashine nyingi ni dogo sana. Ndani kuna bateri ya duara kama sarafu, iliyoandikwa CR2032. Ikiisha, kompyuta husahau tarehe, na za zamani zaidi husahau hata kwamba zina diski ngumu. Huandika kwamba diski haionekani, na watu hudhani kila kitu kimefutika. Diski ipo na maandishi yapo. Inahitaji bateri mpya na fundi wa kuiambia tena diski yake ni ipi. Katika mashine za kabla ya 1995 hivi, bateri huwa imeunganishwa kwa risasi. Hiyo huvuja na kula njia za shaba. Iondolewe, pasafishwe kwa siki kidogo, kisha kwa alkoholi, na pakauke kabisa.

Kuyatoa maandishi

Kama mashine haiamki kabisa, diski ngumu yaweza kutolewa na kuunganishwa na kompyuta mpya kwa kebo ya bei nafuu ya USB. Disketi za inchi tatu na nusu husomwa kwa kisomeo kidogo cha USB. Disketi moja hubeba megabaiti 1.44 tu, na flashi ya gigabaiti 16 inaweza kubeba disketi zaidi ya elfu kumi. Lakini msiharakishe. Unyevu wa ziwa huotesha ukungu juu ya disketi, na yenye ukungu inaweza kuharibu kisomeo na disketi zinazofuata. Hizo ziwekwe kando mpaka zisafishwe.

Windows ikishindwa kusoma disketi, huuliza kama unataka kuifomati. Jibu ni hapana, kila mara. Kufomati ni kulima shamba kabla ya kuvuna. Fundi atumie programu ya bure iitwayo ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu nzima, kisha hurudia zilizochoka, na kutengeneza nakala kamili ya diski. Kazi yote baada ya hapo ifanyike juu ya nakala, na diski yenyewe ipumzike.

Programu nazo zitunzwe. Barua zilizopigwa katika WordPerfect au Works hufunguka mara nyingi kwa LibreOffice, nayo ni ya bure. Orodha za dBase pia. Programu za kizamani za DOS, kama zile za kuhesabu sadaka na michango, huendeshwa ndani ya DOSBox, inayoifanya kompyuta ya leo ijione kuwa ya miaka ya tisini. Kwa sababu hiyo disketi za kusimika programu zisitupwe.

Mkifungua faili, angalieni majina. DOS na Windows hazikuhesabu herufi zenye alama kwa namna moja, na dada Hélène anaweza kutokea kama H‚lŠne. Jina halijaharibika, limesomwa kwa hesabu isiyo yake, na LibreOffice inakuruhusu kuchagua hesabu ya DOS. Vivyo hivyo tafsiri na nyimbo zenye herufi kama ɛ na ɔ za Kilingala: kabla ya mpango wa Unicode, uliotolewa mwaka 1991, kuenea kila mahali, watu walitengeneza fonti zao wenyewe. Fonti hiyo ikipotea, herufi hugeuka kuwa fumbo. Nakilini fonti pamoja na faili.

Chungu cha Yeremia

Yerusalemu ikiwa imezingirwa na jeshi, Yeremia alinunua shamba. Aliamuru hati zake mbili, yenye muhuri na iliyo wazi, zitiwe katika chungu cha udongo ili zidumu (Yeremia 32). Hakujua vita vitaisha lini, lakini alijua kwamba siku moja mtu atauliza shamba ni la nani.

Nasi tufanye hivyo. Kila orodha iwe na nakala tatu: moja ofisini, moja kwenye chombo cha aina nyingine, na moja mbali, Bukavu au ng'ambo ya ziwa, ambako moto wa hapa haufiki. Flashi nayo husahau ikikaa miaka bila kuchomekwa. Ikaguliwe kila mwaka. Majina ya ubatizo, ndoa na uwanja yachapwe pia kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi haihitaji programu.

Siri zilindwe. Ndani ya mashine mna mambo ya ushauri wa kichungaji, nidhamu, na akina mama waliotendewa uovu vitani. Fundi afanye kazi mbele ya katibu au mzee wa kanisa, na diski ifutwe kabisa kabla mashine haijatoka. Mabaki yasichomwe wala yasitupwe ziwani, kwa maana yana risasi na sumu nyingine, na ziwa hilo ndilo linalotulisha.

Kazi hii haihitaji pesa nyingi. Inahitaji bateri, kebo, kijana mmoja mwenye subira na mzee mmoja anayeyakumbuka majina. Waketi pamoja, kijana asome orodha na mzee asahihishe, maana kumbukumbu ya mzee nayo haina nakala.